Neno la Dada Lenye Pengo Katikati

Dada yangu alipoletwa kwangu Dunda, Bagamoyo, kutoka Pangani, maneno yaliyobaki mdomoni mwake yalikuwa machache sana, na hata hayo yalitoka yamemung'unywa. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono ulilala, mguu ukawa wa kuburuta, na mdomo ukaenda upande kama wa mtu anayejizuia kucheka msibani. Hospitali walisema ana bahati. Na mimi nasema alhamdulillahi, maana nimeona waliopigwa na jambo hilo hilo wakazikwa siku ya pili. Lakini mtu mwenye akili zake na macho yake, halafu hawezi kusema "nipe maji", bahati ya namna hiyo inataka subira.

Sala alikuwa nayo, na hilo lilitushangaza. Ukianza Alhamdu anaipokea na kuishusha yote mpaka amin, herufi moja haipotei. Ukimaliza ukamwuliza, "Dada, chai au uji?" anafungua kinywa, anahangaika, jasho linamtoka, hakitoki kitu. Daktari alitueleza kwamba yale mtu aliyoyarudia maisha yake yote hukaa mahali pake, na yale ya kutungwa papo hapo hukaa mahali pengine, na hapo pengine ndipo palipoumia. Sikumwuliza zaidi. Mimi niliishia darasa la nne, nikakaa chuoni mpaka nikahitimu msahafu, kisha nikaolewa. Mambo ya ubongo nawaachia wenyewe.

Tulikaa hivyo, na mimi niliona tunakwenda vizuri. Anakula, analala, namwosha, namsuka. Asubuhi namtoa barazani apate jua. Mpaka siku alipoanza kutaka kitu.

Alinishika kanga kwa mkono wake mzima akasema, "Mmm..." Kisha sauti ikazama kama inayopita ndani ya maji, ikaibuka mwishoni: "...ko."

"Nini, dada?"

"Mmm... ko."

Hakuna mwingine nyumbani ila mimi na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Yeye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta za watu wa Dar, lakini Dar haendi. Anakaa ukumbini kwangu na kompyuta mapajani tangu asubuhi, anasema ofisi ni popote penye mtandao. Mwanzo niliona huo ni uvivu uliopewa jina. Namwita mke mwenza, kama tunavyowatania wajukuu wa kike huku kwetu, na yeye hunijibu kwa utani ule ule, tena bila kunionea huruma.

"Mke mwenza, njoo. Sikiliza hapa. Anasema nini?"

Akapiga magoti mbele ya kiti. Dada akarudia. Mjukuu akasema, "Mwiko."

Nikaona kweli. Dada alikuwa mpishi wa shughuli, masufuria ya harusi nzima yamepita mkononi mwake. Labda anataka kushika mwiko. Nikamletea. Aliutazama, akanitazama mimi, akausukuma.

"Mfuko," mjukuu akasema.

Tukamletea mfuko aliokuja nao. Tukatoa kila kitu kimoja kimoja mbele yake, kanga, msuaki, tasbihi, mafuta ya nazi, picha ya marehemu mumewe. Tasbihi aliichukua akaiweka pajani, lakini kichwa alitikisa. Siyo.

"Mfuniko?"

Mfuniko aliurusha. Nasema kweli, mwanamke aliyepooza nusu aliurusha mfuniko wa sufuria ukatoka nje ya baraza, kuku wakatawanyika. Nilifurahi kuona nguvu zipo, na nilikasirika pia, maana ule mfuniko ulikuwa mzuri.

Jirani yangu muuza vitumbua alikuja kumjulia hali akakuta tunahangaika. Huyu ni mtu mwema, lakini mdomo wake hauna mlango. Alisikiliza, akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Shoga, mbona mimi nasikia 'mamako'? Anamwita mama. Mtu akishaanza kuwaita wazazi, ujue."

"Nijue nini?"

"Ah, mimi sisemi."

"Basi usiseme. Mama yetu ni mmoja, mimi na yeye. Hawezi kuniambia mimi 'mamako' kana kwamba yeye alizaliwa na mti. Angesema 'mama'. Umeelewa?"

"Nimeelewa, usinile."

Aliondoka, lakini neno lake lilibaki. Nililishinda kwa hoja, na moyoni halikutoka.

Kesho yake dada akakataa uji. Mchana akakataa wali. Jioni nikampikia mtori laini, nikamwambia kwa ukali, kwa maana mimi sijui kubembeleza, "Fungua kinywa." Akageuza uso ukutani. Mtoto akigoma kula unamchapa au unamwacha njaa imfundishe. Mtu mzima mgonjwa akigoma kula, hakuna wa kumfundisha. Nilielewa kabisa anachofanya. Alikuwa anatuambia: nimewaomba kitu, mnakijua, mnaninyima. Aliamini kwamba tunasikia na tunakataa. Hilo ndilo lililoniuma. Daktari alishatuonya kwamba asipokula na kunywa dawa kwa tumbo lenye kitu, ugonjwa utarudi, na ukirudi hautaacha nusu.

Nilikuwa nimekaa ukumbini na bakuli la mtori lililopoa. Mjukuu akasema, macho yako kwenye kompyuta, "Bibi, tuna mwanzo wa neno na tuna mwisho wake. Katikati ndiko hatukujui."

"Sasa?"

"Sasa kwenye kazi yangu hilo ni jambo la kila siku. Kompyuta unaichorea umbo la neno, unaiachia pengo mahali usipopajua, nayo inakwenda kutafuta kila neno lenye umbo hilo. Wenyewe tunaita rejeksi."

"Itatafuta wapi? Kichwani mwa dada?"

"Bibi wa Pangani alikuwa anakuandikia meseji."

Ndiyo, alikuwa ananiandikia. Mimi sipendi simu za kupiga, za watu kusema 'haloo, haloo' kama wako kisimani. Nilimwambia dada tangu tuliponunuliwa simu: andika. Na dada aliandika! Alifundishwa na wajukuu zake wa Pangani, basi akajifunza na tabia zao. Sasa kwake ikawa 'xaxa', salama ikawa 'xalama', nukta haweki, herufi kubwa haziijui simu yake. Asubuhi ananiandikia, adhuhuri ananiandikia, jambo dogo kabisa, bei ya mihogo, nani kapita njiani kavaa nini. Na mimi sifuti kilichoandikwa na mkubwa wangu. Miaka yote ile ilikuwa humo simuni.

Mjukuu akazitoa meseji zote akaziweka kwenye kompyuta. Akaniita nikae pembeni yake. Lugha anayoandikia ina jina la chatu. Nikamwambia mimi chatu simtaki nyumbani kwangu, akasema huyu hali kuku.

Kwanza alinionyesha kwa neno dogo. Akaandika mabano ya mraba, ndani yake s na x, kisha 'alama'. Hivi: [sx]alama. Akasema, "Hayo mabano ni chumba chenye wapangaji wawili. Yeyote atakayefungua mlango, s au x, sisi tunaridhika." Akabonyeza. Zikaja salama zote za dada, za zamani alipokuwa bado anaandika vizuri, na za siku hizi za 'xalama'. Nyingi, ukurasa unashuka hauishi. Salama huku, mdogo wangu. Xalama. Xalama tu wewe. Nilitazama pembeni kidogo nikafuta macho kwa ukaya wa kichwani. Vumbi lile la ukumbini.

"Sasa pengo," nikasema. "Fanya upesi."

Akaandika m.*ko. Akanieleza kwamba nukta ni herufi yoyote ile, na ile nyota inasema: mara nyingi upendavyo. Akabonyeza.

Ikaja balaa. Badala ya maneno, yalikuja mafurushi. Dada ameandika 'mdogo wangu nimeamka xalama xijui huko kwako', basi mashine imechukua yote, kuanzia m ya mdogo mpaka ko ya kwako, maneno mazima mazima yamo katikati.

"Hii nyota ina ulafi," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Bibi, wallahi ndivyo tunavyoiita. Wenyewe wanaita mlafi! Inazoa mpaka mwisho inapoweza kufika."

"Kama yule mgeni wa hitima anayeanzia sahani yake akamalizia ya mwenzie. Mfunge."

Akaongeza alama ya kuuliza nyuma ya nyota, akasema hiyo inaifundisha adabu, ichukue kidogo. Ikachukua kidogo kweli, ikasimama kwenye 'huko' badala ya 'kwako', lakini bado imeruka kutoka neno hadi neno. Mlafi aliyepunguza tonge bado anakula sahani ya jirani. Basi akaitoa nukta, akaweka alama nyingine inayokubali herufi tu na kukataa nafasi, ili isivuke neno. Hapo tukaanza kuona maneno. Lakini vipande! 'Nimekosa' ikaletwa kwa ajili ya meko iliyo tumboni mwake. 'Mkono' ikaletwa kwa sababu ya mko. 'Amekopa', nayo ikaja.

"Mimi sikutaka kilichofichwa ndani ya neno," nikasema. "Nimetaka neno lianze na m na liishe na ko. Huyu chatu wako hajui neno linaanzia wapi?"

"Hajui mpaka umwambie."

Akaweka mpaka mbele na mpaka nyuma. Niliunakili ule mchoro pembeni ya kalenda kwa sababu nilipenda sura yake: \bm\w*ko\b. Ile b yenye mkwaju, huku na huku, ni ua wa nyumba. Ndani ya ua neno moja tu. Nimeishi na maneno maisha yangu yote, na kabla ya siku ile sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayesikiliza huwa anajenga ua bila kujijua, na kwamba dada alipopoteza maneno, alichopoteza labda ni kuta.

Safari hii yakaja maneno ya kweli. Mjukuu alikuwa anasoma, mimi nakataa au nakubali.

"Mfuko."

"Tumeshamwonyesha."

"Mwiko."

"Tumeshamwonyesha."

"Mzunguko. Msukosuko. Mkoko. Mdako."

"Mdako!" Nikasimama. Mdako tulicheza sana utotoni, kijishimo na kokoto, unarusha moja juu unakusanya zilizobaki kabla haijatua. Hakuna aliyemshinda dada. Nikatoka nje nikaokota kokoto, nikaziosha, nikampelekea. Nikachimba kishimo hapo hapo chini ya baraza kwa kisu cha jikoni, mwanamke mzima nimechuchumaa. Dada alitazama kokoto, akatabasamu. Nikasema tumepata. Alichukua moja kwa mkono wa kushoto, akairusha, ikaanguka. Kisha akanishika mkono kwa upole kama anayemwonea huruma mpumbavu akasema, "Mmm... ko." Na akageukia ukuta.

Nikarudi ukumbini. "Siyo mdako. Endelea."

"Bibi, kuna neno moja limejaa hapa, linaziba mengine yote. 'Mwenzako.' Kila baada ya mistari michache, mwenzako, mwenzako. Nilitoe?"

"Litoe. Hilo ni neno la kila mtu, kama 'huko' na 'kwako'. Huwezi kumletea mgonjwa mwenzako kwenye sahani."

Akalitoa. Yakabaki machache, tukayapitia yote. Mfuniko, mwamko, mchemko. Mchemko? Tukampelekea chai inayochemka, akaitazama kama maji ya kuoshea vyombo. Msuko? Nilikuwa nimemsuka juzi, nikamfumua nikamsuka upya mistari midogo aliyokuwa akiipenda. Alikubali kusukwa. Kula hakukubali.

Siku ile nilikasirika. Nilimfokea mjukuu kwamba mashine yake ni ya kuchezea, na yeye akanijibu kwamba mashine inatafuta ilichoambiwa, bibi, haina makosa. Nikamwambia asinijibu. Akasema sawa. Nikaenda kuswali laasiri, nikakaa kwenye msala muda mrefu kuliko kawaida, nikimwomba Mungu jambo moja tu, anijulishe kitu ambacho dada anakijua na mimi sikijui.

Nilipotoka, mjukuu alikuwa bado pale pale. Yeye ni mbishi, huo ni urithi wangu. Alikuwa amelirudisha lile neno tulilolitupa.

"Bibi," akasema, "kitu kinachonisumbua ni hiki. Wewe humwandikii bibi wa Pangani 'mwenzako'. Nimezipekua meseji zako, halimo. Ni yeye tu. Sasa nimeiambia mashine iniletee neno hilo pamoja na yanayolifuata mpaka mwisho wa meseji. Hapa mlafi anafaa, mwache ale. Nikusomee?"

"Soma."

"'Mwenzako hataki dagaa wa jana anataka xamaki changu.'"

Nikainamia kompyuta.

"'Mwenzako kalala juu ya mxala wangu nimemfukuza kanitazama kama mimi ndiye mwenye makoxa.' Bibi, huyu ni nani anayelala juu ya msala? Bibi wa Pangani alikuwa na mke mwenza hatukuambiwa?"

"Soma nyingine."

"'Mwenzako kakaa mlangoni anawakagua wageni miguu xura kaikunja vile vile kama wewe.'"

Nikakaa chini sakafuni. Nikaanza kucheka, na mimi si mtu wa kucheka, mjukuu akaogopa akadhani na mimi nimepigwa.

"Paka," nikasema. "Paka wake. Subhanallah, yule paka!"

Ni paka jike, wa kijivu, mwenye uso mkali usiopenda mtu. Alijileta mwenyewe kwa dada mwaka wa kwanza wa ujane. Dada aliniandikia kwamba kapata mgeni mwenye sura yangu, anayekaa mlangoni na kumnunia kila aingiaye na viatu. Mimi nikamjibu asinifananishe na mnyama. Basi hapo ndipo aliponipata. Jina la paka likawa 'mwenzako'. Hakumwita vinginevyo tena, kwangu mimi. Mimi kwa hasira yangu nilikuwa namjibu 'paka wako', na ndiyo maana katika meseji zangu neno lile halimo. Yeye aseme mwenzako, mimi niseme paka wako, miaka yote hiyo, mpaka nikazoea na sikulisikia tena. Nililisoma kila siku na nikalitupa mimi mwenyewe kwa kauli yangu kama takataka ya njiani.

Nikaenda barazani. Dada alikuwa ameegemea mto, macho yamefumba. Nikainama sikioni. Sasa nisemeje? Neno hilo kinywani mwake ni mwenzako, kinywani mwangu lazima ligeuke. Na kuligeuza maana yake ni kukubali nilichokikataa miaka yote. Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, mikono mdomoni.

"Dada," nikasema. "Unamtaka mwenzangu?"

Alifumbua macho. Alinitazama muda. Kisha upande mzima wa uso wake ukafanya kitu ambacho upande wa pili ulijaribu kukifuata. Alilia, alicheka, sijui, vyote kwa pamoja. "Mwe," akasema. "Mwe... ko. Mwe... ko." Na akanipiga begani kwa mkono wa kushoto, si kwa nguvu, lakini si kwa upendo mtupu pia. Lile kofi lilikuwa na maana: kumbe muda wote huu!

"Ndiyo, nimekosa nini mimi?" nikamwambia. "Ulimpa paka cheo changu, nikumbukeje?"

Usiku huo alikula mtori nusu bakuli. Mimi nilitosheka na nusu.

Asubuhi nikampigia mwanawe Pangani. Ndiyo, nilipiga.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Paka yuko wapi?"

"Paka?"

"Paka wa mama yako. Mmemweka wapi?"

"Mama mdogo, mama hajambo?"

"Hajambo, alikuwa kagoma kula, anamtaka paka wake. Yuko wapi?"

"Yupo... yaani huwa anapita. Tangu mama aondoke amehamia kwa wauza samaki, kule ni kama mkuu wa soko. Lakini mama mdogo, ndiyo mama kagoma kula kwa sababu ya paka?"

"Wewe ulipokuwa mdogo uligoma kula kwa sababu ya tiara iliyochanika. Kamata paka, mtie kwenye tenga, mpe kondakta wa basi amshushe Msata. Mjukuu wangu atampokea."

"Yule paka hakamatiki, mama mdogo. Anauma."

"Basi na wewe muume."

Alikamatwa. Sikuambiwa vizuri namna gani, ila mpwa wangu alinitumia picha ya mkono wake na mikwaruzo yake, bila maneno. Nikamjibu: paka mafuta ya nazi.

Mjukuu alikwenda Msata kumpokea. Kondakta alimkabidhi tenga lililoshonwa juu kwa kamba ya katani akamwambia, "Dada, chukua huyu mama yako. Kawatukana abiria tangu Segera." Paka alilia njia nzima ya kuja Bagamoyo, akiwa mapajani mwake, na watu wakamwuliza amebeba nini kinachosema hivyo. Mjukuu alifika kwangu amechoka, nywele timtimu, na bado akaniamkia ipasavyo, "Shikamoo bibi, mwenzako huyu hapa," akaweka tenga chini akaruka pembeni.

"Umeanza na wewe?"

Tulikata kamba mbele ya kiti cha dada. Paka alitoka taratibu. Sikutegemea apakatwe wala amlambe dada, huyo si paka wa namna hiyo. Aliizunguka baraza, akanusa viatu vyote vilivyokuwa mlangoni, akanusa mguu wa dada ule usiosikia, akakaa juu yake. Akakunja uso. Akaanza kutukagua.

Dada alikuwa ananyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea kwake, kisha kuelekea kwangu, kwake, kwangu. Anajaribu. Nilimwona anajenga zile kuta, mbele na nyuma. Mjukuu alitaka kumsaidia, nikamzuia kwa jicho. Tukasubiri. Jirani yangu muuza vitumbua alikuwa ameshafika, maana habari za paka kuja na basi hazikai, na hata yeye alinyamaza.

"Mwe," dada akasema. "Mwe-nza." Akapumzika. "Ko."

"Ee," nikasema. "Mwenzangu. Nimekubali. Sasa kula."

Nikachukua bakuli la wali na mchuzi wa changu, niliokuwa nimeuchambua miba kwa mkono wangu tangu adhuhuri. Nikamtilia tonge. Alilitafuna polepole, upande wa kushoto, akameza. Akafungua kinywa tena. Tonge la tatu alinikatalia, akausukuma mkono wangu chini, kule kwa paka.

"Hapana," nikamwambia. "Changu huyu ni wako. Yeye nitampa dagaa."

Dada akatikisa kichwa. Paka naye alikuwa ananitazama tu. Jirani akasema, "Shoga, si ulishaambiwa hataki dagaa?"

Nikampa paka tonge. Kisha nikarudi kwa dada, nikaendelea kumlisha mpaka bakuli likaonyesha chini.